Mwali Ni Nani?

Ndafu ilikuwa imeshakatwa, mashangazi wameshalishwa vipande vyao, na sendofu ya mdogo wangu, binti wa mama mdogo, ilikuwa imefika pale mshereheshaji anapomsifu bibi harusi mtarajiwa kabla ya zawadi. Ukumbi ulijaa. Moshi ikifika Desemba hakuna ukumbi usiojaa. "Mwali wetu huyu!" akasema kwenye kipaza sauti. "Mnajua maana ya mwali? Mwali maana yake bikira. Mwali ni kama mwali wa moto, unawaka, haugusiki!" Vigelegele vikapigwa. Mdogo wangu akainamisha kichwa, akaanza kukunjakunja pindo la kitambaa cha meza kwa vidole. Mwanawe, mvulana wa miaka minne, alikuwa amelala kwenye viti viwili vilivyounganishwa nyuma yangu, kafunikwa kanga. Kila mtu ukumbini alimjua mtoto yule.

Mshereheshaji hakukusudia ubaya. Alisema alichowahi kusikia, na wengi mle ukumbini wangesema vilevile. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, na tangu siku ile nimelifuata neno hili kwenye kamusi, kwa wazee na katika lugha za majirani, kwa sababu iliniuma kuona neno zuri namna ile likimwinamisha mtu kichwa siku ya furaha yake.

Habari ya moto ni nyepesi, kwa hiyo tuimalize kwanza. Kiswahili kina mwali zaidi ya mmoja. Upo mwali wa ngeli ya U-I: mwali umewaka, miali imewaka. Huo ndio wa moto na wa jua. Halafu yupo mwali wa ngeli ya A-WA: mwali ametoka, wali wametoka. Huyo ni mtu. Yanafanana mdomoni, lakini wingi wake unayatenganisha, na hakuna aliyewahi kuwaita wasichana "miali". Kuna pia mwari ndege, yule mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo, anayeonekana Ziwa Manyara. Nalo ni neno jingine kabisa. Wanafunzi wangu nao huniuliza kila mwaka kama mwalimu ni mtu wa wali. Mwalimu limetoka kwa Waarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa elimu, na halina uhusiano na unyago. Sauti zikifanana, neno hupata jamaa wasio wake, na ndivyo wingi wa mwali ulivyogongana na wali wa nazi. Nafikiri ndiyo sababu watu hupenda kusema mwanamwali na wanawali, ili mchele usiingie katikati.

Kazi ilikuwa kwenye bikira.

Bikira ni neno la Kiarabu, bikr. Kwa Waarabu lina upana kuliko kwetu: huitwa hivyo msichana asiyejua mwanamume, na huitwa hivyo pia mtoto wa kwanza kuzaliwa, maana mzizi wake unagusa habari ya kutangulia, ya mapema, ya alfajiri. Waswahili tulichukua upande mmoja tu. Mtoto wa kwanza tukabaki kumwita kifungua mimba, na bikira likawa neno la mwili peke yake. Unamtaja mtu bikira, umeshasema jambo moja kumhusu, na jambo lenyewe haliwahusu waliokaa ukumbini.

Mwali halikuanzia hapo. Nilimwendea bibi mmoja wa Pasua, mzaliwa wa Bagamoyo, aliyekuja Moshi na mumewe aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Hukaanga vitumbua mlangoni kwake asubuhi. Nikamsalimia, akanipa kigoda, nikamuuliza bila kuzunguka: bibi, mwali maana yake bikira? Akageuza vitumbua vyote saba kimoja kimoja kwa kijiti, ndipo akanijibu.

"Bikira ni habari ya mwili, mwanangu. Mwali ni habari ya kuwekwa ndani. Mimi nilikaa mwali miezi saba. Nikatolewa, ngoma ikachezwa, kesho yake si mwali tena. Na mume nilikuwa sijamwona bado."

Nikamwomba arudie, nikaandika. Maana katika maneno yale machache amelitenga jambo ambalo kamusi zimelichanganya. Kama mwali ni bikira, angeacheje kuwa mwali siku ya kutolewa, ilhali mwilini hakijabadilika kitu? Kilichobadilika ni mahali alipo na kile anachofanyiwa. Alikuwa ndani anafundwa, sasa yuko nje amefundwa.

Ukiyapanga maneno ya pwani kwa njia hiyo, yanakaa sawa. Kigori ni msichana anayekaribia ukubwa lakini hajaufikia. Siku damu ya kwanza inapoonekana, husemwa amevunja ungo. Wengi tukisikia ungo tunaona ule wa kupepetea mchele, na picha ni nzuri, lakini mimi siwezi kulisikia bila kukumbuka maungo na kiungo, maneno ya mwili. Wenye lugha ya dini wakasema amebalehe, yaani amefika, na kubalehe humchukua hata mvulana. Kuvunja ungo ni kwa msichana tu. Baada ya hapo, mtoto yule hachezi tena njiani na wenzake. Anaingia ndani. Hapo ndipo jina mwali, au mwari kwa wengine, linapomwangukia.

Kwa Wazaramo kukaa ndani kulikuwa jambo zito. Zamani mwali alikaa miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka, hafanyi kazi ya jua, haonwi na wanaume, anasema kwa sauti ya chini. Alilishwa vizuri na kupakwa mafuta, na alipotoka ngozi ilikuwa imeng'aa kwa kukosa jua. Mti wa mkole, wenye matunda mengi, ulikuwa sehemu ya mafundisho yake, na hadi leo watu husema ngoma ya mkole. Wapo waliopewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kinachoenea kiganjani, ambacho Wazaramo hushirikiana na majirani zao Wakwere na Wadoe. Ni kama gogo dogo jembamba, hakina mikono wala miguu, kifuani vimechongwa viziwa viwili vidogo, na kichwani nywele zimesimamishwa vishungi viwili. Mwali alikitunza kama mtoto: akakiosha, akakipaka mafuta, akakilaza karibu naye. Nikikitazama kwenye picha huwa najiuliza ni nani hapa anayefundishwa kulea, maana mwali mwenyewe naye wakati huohuo alikuwa akioshwa na kupakwa mafuta na wakubwa.

Na kitenzi cha kazi ile yote ni kufunda. Mwali hufundwa. Kutoka hapo Kiswahili kina ukoo mzima: kufunza, kufundisha, mafunzo, fundi, na mwanafunzi. Wazulu, mbali kule Afrika Kusini, husema funda wakiwa na maana ya kujifunza na kusoma. Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu na mwali wa bibi wa Pasua ni watu wa neno moja. Husema wahenga kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mwali ni yule ambaye ulimwengu umeambiwa usubiri kidogo, wanawake wa kwao wamalize kwanza.

Anayefunda ni kungwi. Humwita pia somo, na mwali akishakuwa mtu mzima bado atasema "somo yangu" kwa mapenzi yaleyale anayomtajia mama. Anayesimamia ngoma yote huitwa nyakanga. Nilimuuliza bibi alifundishwa nini. "Usafi," akasema, "na kuheshimu watu, na kukaa na mume. Mengine hayasemwi mlangoni." Akanyamaza, nami sikumsukuma. Mafundisho yenyewe huja kwa nyimbo za mafumbo, na mwenye kuusikia wimbo nje ya unyago husikia habari za kuku na mihogo tu. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alijulikana duniani kwa taarabu, lakini waliokuwa karibu naye walimjua kwanza kwa ngoma ya unyago. Jina lake halisi lilikuwa Fatuma binti Baraka, na hilo binti nitalirudia.

Ushahidi ulionimalizia shaka uko kusini. Kwa Wamakonde na Wayao, mwali ni yeyote anayepitia mafundisho, wa kike na wa kiume. Wavulana wa jando nao ni wali. Ukivuka mpaka kuingia Malawi, Wachewa wana namwali, msichana anayefundwa, na mafundisho yenyewe huitwa chinamwali. Neno linalomchukua mvulana wa jando haliwezi kuwa na ubikira wa msichana kama maana yake ya msingi. Kinachowaunganisha wote ni kwamba wako katikati: utoto wameuacha, ukubwa hawajakabidhiwa.

Kaskazini umbo hilohilo linakwenda upande mwingine. Wakikuyu husema mwarĩ kwa maana ya binti wa fulani. Dada wa mtu, kwao, ni mwarĩ wa mama yake. Bibi wa miaka themanini ni mwarĩ wa baba yake hata kama baba huyo ameshasahaulika. Hapo hakuna mwili, hakuna umri, hakuna hata kufundwa; kuna kuwa mtoto wa watu. Nami napenda kuona kwamba kokote neno hili lilikokwenda, limembeba msichana akiwa na watu wake nyuma yake. (Mtu akikuambia pia kwamba Mwari ndilo jina la Mungu kwa Washona wa Zimbabwe, ni kweli, lakini kwa kufanana sauti peke yake usijenge nyumba juu yake.)

Sasa, ilikuwaje neno la Bagamoyo na Masasi likafika kwenye sendofu ya Moshi, na likafika na maana ya bikira?

Wengi wetu huku tulilipata kanisani. Wamisheni wa Leipzig, Walutheri wa Kijerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na Kiswahili cha ibada, cha shule na cha vitabu kikaja kikipanda mlima taratibu kando ya Kichagga. Ilipochapwa Biblia ya Muungano mwaka 1952, kila nyumba ikajua sura ya 25 ya Mathayo: wanawali kumi waliotwaa taa zao, wakatoka kwenda kumlaki bwana arusi. Watoto wa shule ya Jumapili wanaijua kabla hawajajua kusoma. Na hapa kuna jambo ambalo mtu halioni mpaka aambiwe. Mathayo kwa Kigiriki ametumia neno moja, parthenos, mahali pawili. Sura ya kwanza, anapotajwa Mariamu, watafsiri wameandika bikira. Sura ya 25 neno lilelile wameandika wanawali. Sikio la muumini likayaunganisha: kumbe bikira na mwanamwali ni kitu kimoja.

Watafsiri, kwa maoni yangu, walikuwa na busara yao. Katika sura ya kwanza hoja nzima ni mwili, kwamba Mariamu hajakaribiana na mwanamume, na bikira linasema hivyo bila mashaka. Katika sura ya 25 hakuna anayeuliza habari za mwili. Ni usiku, kuna harusi, kuna kundi la wasichana wanaosubiri, na swali ni nani amejiandaa na nani hakujiandaa. Soma tena utaona: hata wale watano wapumbavu waliofungiwa mlango ni wanawali. Kilichowapungukia ni mafuta. Mtu wa pwani akiisikia hadithi ile anaona wali ambao nusu yao walifundwa wakashika, na nusu yao walifundwa wakasahau. Watafsiri wa Biblia Habari Njema, waliokuja baadaye, waliandika wasichana kumi tu. Inaeleweka mara moja, ingawa mimi huhisi harusi imepungua kidogo mle.

Mkanganyiko huu wala hatukuuanzisha sisi. Katika Isaya 7:14, Kiebrania kina neno alma, yaani msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Wayahudi waliotafsiri maandiko kwa Kigiriki, kabla ya Kristo, wakaweka parthenos, na wakristo na wayahudi wamebishana juu ya mstari huo kwa karne nyingi. Kijerumani cha wale wamisheni wetu nacho kina Jungfrau: jung ni mchanga, Frau ni mwanamke. Zamani lilikuwa jina la heshima la msichana wa watu, leo mtu akilisema anamaanisha bikira. Inaonekana watu wa mataifa mengi wakipata neno la ujana wa mwanamke hawatulii mpaka walishushe mwilini. Kijana wa kiume hafanyiwi hivyo. Mvulana alibaki mvulana, na barobaro likabaki kusifu nguvu na umri wake. Hakuna mshereheshaji aliyewahi kutangaza ukumbini ya mwilini mwa bwana harusi.

Niseme na upande wa pili, nisionekane nimeuficha. Pwani pia ubikira ulitarajiwa kwa mwali, na ulitarajiwa kwa ukali. Ndiyo maana zipo kamusi zinazoweka bikira kama maana mojawapo ya mwali, na wapo wasemaji wa Kiswahili safi wanaolitumia hivyo. Siwezi kuwaambia wamekosea lugha yao. Ninachosema ni kwamba tarajio limepanda juu ya neno likakaa, kama tunavyotarajia mwanafunzi awe na sare safi. Akichafuka sare, hajaacha kuwa mwanafunzi.

Huku kwetu mlimani kuna sababu nyingine ya kulielewa neno hili vibaya. Wachagga walikuwa na mafundisho yao, ya wasichana yakiitwa shija na ya wavulana ngasi, na yalikuwa marefu kiasi kwamba mchungaji Bruno Gutmann, aliyekaa Old Moshi miaka mingi, alijaza vitabu vitatu vikubwa kwa mafundisho ya Wachagga kati ya 1932 na 1938. Lakini kwetu, na kwa majirani zetu wa Arusha na Manyara, mafundisho ya wasichana yalikwenda pamoja na kisu. Kwa hiyo mtu wa hapa akisikia unyago anasikia ukeketaji, na anarudi nyuma. Ana haki ya kurudi nyuma na ukeketaji. Sheria ya 1998 imeuharamisha kwa aliye chini ya miaka 18, na ni vizuri. Ila unyago wa pwani na wa kusini kwa kawaida hauna kisu. Una mengine ya kulaumiwa, na kubwa ni msichana kutolewa darasani na kuozwa mapema kwa sababu tu ngoma imemwita mkubwa. Ulaumiwe kwa hayo, usilaumiwe kwa lisilo lake.

Wamasai wanaolisha mifugo yao kati ya Moshi na Arusha hawana mwali, lakini wana mpaka wao. Msichana kwao ni endito. Akiolewa anakuwa esiankiki, na sifa, shanga na nyimbo zake hubadilika kwa siku moja. Huko pia hawahesabu miaka. Wanauliza tu: umeshapitishwa?

Na pengine ndilo pengo letu la sasa. Nikiwauliza wanafunzi wangu msichana anakuwa mwanamke lini, najibiwa kwa namba. Sheria ya Mtoto ya 2009 imesema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mimi kama mwalimu naishika sheria ile kwa mikono miwili, maana nimeona madawati yaliyobaki wazi. Lakini namba haimfundi mtu. Siku ya kutimiza 18 inapita, keki inakatwa, hakuna aliyemweka chini akamwambia neno. Ndipo unakuta mtu anafundwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 28, kwenye kichenpati, na kungwi wa kukodiwa, katikati ya masufuria na mabeseni ya zawadi.

Kiswahili chenyewe kimejaribu kuliziba pengo hilo kwa maneno mengine, na kila moja lina historia yake. Msichana ndilo tunalotumia zaidi. Utasikia watu wakisema maana yake ni "asiyechana", yule mdogo asiyejua kuchana nywele. Inachekesha darasani, lakini Wachewa husema mtsikana na Washona husema musikana, kwa maana hiyohiyo, nao hawana kitenzi chetu cha kuchana. Neno ni la Kibantu na ni la zamani, na ule mkia wake wa -ana, unaouona pia kwenye mvulana na kijana, ni ule wa mwana. Hata Wazulu wanao kwenye intombazana, msichana wao mdogo.

Binti ni bint ya Kiarabu, na wingi wake kwa Waarabu, banat, ukaingia kwa washairi wetu ukawa banati, yaani msichana mmoja mzuri. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alipomwandikia mwanawe wasia kwa shairi mwaka 1858, alimwita binti katika mstari wa kwanza kabisa, kwa hiyo neno limeshakaa nasi muda mrefu. Zamani liliunganisha mwanamke na baba yake maisha yote: Fatuma binti Baraka, Siti binti Saad. Siku hizi magazeti yameliachanisha na baba. "Binti wa miaka 16" ni msichana yeyote, hata gazeti lisipojua ni binti wa nani. Nalisikitikia kidogo badiliko hilo.

Halafu limekuja mdada. Mtaani ndilo linalotamba. Dada amevishwa kiambishi cha M- kama vile ni ngeli mpya, na mdada ni mwanamke kijana anayejitegemea, ana kazi yake, hajaolewa au ameolewa, haidhuru. Wazee hawalipendi. Mimi nimelizoea, na nadhani limekuja kwa sababu lilihitajika: hakukuwa na neno la mwanamke kijana ambaye hatumtaji kwa baba, kwa mume wala kwa mwili wake.

Mwali lilikuwa karibu sana kuwa neno hilo. Lilimtaja msichana kwa kile anachopewa, na likamwachia aendelee mbele siku ikifika. Ndiyo maana nikialikwa kichenpati siku hizi na mtu akaniomba niseme machache, husema hivi: huyu ni mwali kwa sababu leo tunamfunda, na kesho asubuhi hatakuwa mwali. Kama ana mtoto, bado ni mwali leo. Kama hana, bado ni mwali leo. Wamama huitikia kwa vigelegele vilevile, kwa hiyo furaha haipungui.

Mwezi uliopita nilipita Pasua kununua vitumbua. Mdogo wangu alikuwa nami, amemshika mwanawe mkono. Alikuwa na miezi minne ya ndoa. Bibi akampa mtoto kitumbua cha moto kwenye kipande cha gazeti, akamtazama mama yake juu hadi chini.

"Ndiye yule mwali wako uliyenieleza?"

"Ndiye, bibi."

"Kishatolewa?"

"Ametolewa tangu Desemba."

"Basi usimwite mwali, unamrudisha ndani," akasema, akamgeukia. "Jina lako nani, mama?"